Ligandi Namba Kumi na Saba

Kwa zaidi ya miaka thelathini dada yangu Elinipa Nnko alikuwa akicheka ameweka kiganja mdomoni. Wenzake wa kazini walidhani ni adabu za Kimeru. Haikuwa adabu, yalikuwa meno. Meno yake ni ya kahawia, yana mistari, na mawili ya mbele yamemeguka pembeni, kama yangu, kama ya mama, kama ya karibu kila mtu aliyekulia huku kwetu juu ya Makumira. Maji yetu yanatoka mlimani, ni maangavu na baridi, na yana madini ya floraidi mara sita ya kiasi kinachoruhusiwa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, meno hayo yanatoka yakiwa tayari yameharibika, na hakuna mswaki wala ndimu ya kuyasafisha.

Alipochaguliwa kwenda kidato cha tano kule Tabora, msichana wa kitanda cha jirani alimpa dawa ya meno mpya usiku wa kwanza bwenini, kwa nia njema kabisa. Elinipa alinisimulia jambo hilo mara moja tu na hakulirudia. Tangu hapo ndipo kiganja kilipoanza kupanda mdomoni.

Nayasema haya mapema ili ujue alichokuwa anakitafuta maisha yake yote. Siku chuo kilipomsifu walisema ni mwanamke mwenye kiu ya maarifa. Hawakumjua. Alikuwa anatafuta meno meupe ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni Nice, binti yake wa pekee. Baba wa Nice alikwenda Mererani kutafuta tanzanite kabla mtoto hajatambaa, na nadhani bado anaitafuta.

Kazi ya dada ilikuwa fundi sanifu wa maabara ya kemia katika chuo kimoja cha huku Arusha. Miaka ya kwanza aliosha chupa na kupima unga wa watu wengine. Kisha mkuu wa mradi, Dokta Lerionka, akagundua kwamba vitu vilivyowashinda wanafunzi wake wa shahada vilikuwa vinakubali kwenye mikono ya Elinipa, naye akamwingiza kwenye mradi wa kutengeneza unga wa kunasa floraidi kwenye maji. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye karatasi zao za utafiti. Kazi ilikuwa yake tangu asubuhi hadi jioni.

Mimi ni mkulima. Jina langu Gadiel, nina migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili, na kemia niliiachia kidato cha pili. Lakini dada alinieleza kazi yake siku moja tukichuma kahawa, na nilimwelewa. Katikati ya unga wake kuna metali iitwayo zirkoniamu, na metali hiyo inapenda floraidi. Peke yake haifai, maana inatawanyika ndani ya maji. Kwa hiyo inazungukwa na molekuli nyingine zinazoishika mahali pake, ndizo ligandi. Alisema metali yenyewe huwezi kuigeuza tabia, imezaliwa hivyo. Unachoweza kubadilisha ni wale wanaoishika. Ukitengeneza ligandi yenye uchoyo, inayovutia kila kitu upande wake, metali inabaki na njaa, inaikamata floraidi na haiiachii milele. Ukitengeneza ligandi yenye ukarimu, inailisha metali, metali inashiba, na floraidi inapita pembeni bila hata kusalimiwa.

Kumbe basi ufundi wote ulikuwa hapo, kupima njaa. Miaka minne dada alipima njaa. Aliongeza kitu kidogo mwisho wa molekuli, akatoa kitu kidogo upande mwingine, akachemsha, akachuja, akakausha, akapima. Ligandi namba nne ilikuwa na njaa kupita kiasi. Ilishika floraidi kwa nguvu, lakini ikishajaa hakuna cha kuitapisha, na unga wa bei ile huwezi kuutupa kila baada ya wiki mbili. Namba tisa ilikuwa mvivu. Namba kumi na mbili iliyeyuka ikawa uji mbele ya wageni kutoka wizarani, na dada akalia chooni.

Namba kumi na saba ndiyo iliyokubali. Ndani ya maji ya kawaida ilishika floraidi yote inayopita, na ikishajaa, baada ya miezi kama mitatu hivi, ukiiosha kwa alkali isiyo kali sana inaachia yote iliyoibeba na kuwa tayari kuanza upya. Elinipa aliitengeneza makusudi iwe hivyo, iachie kwa alkali nyepesi, ili siku moja hata zahanati ya kijijini iweze kuiosha bila mitambo. Alinipigia simu kutoka chumba chake cha kupanga Daraja Mbili. Akasema inashika kwa nguvu na inaachia kwa adabu, kisha akacheka, na ingawa simuoni nilijua kiganja kiko wapi.

Chujio la kwanza alilitengeneza kwa ajili ya nyumbani. Ilikuwa ni ndoo mbili za plastiki zilizobebana. Ya juu ilikuwa na chembechembe za namba kumi na saba, ya chini ilikuwa na bomba dogo. Siku alipolileta alimleta na Nice, wakati huo ana miaka miwili na nusu. Tangu azaliwe mtoto yule alikuwa hajaonja maji ya kwetu. Mama yake alimlea mjini kwa maji ya chupa, akijinyima hata viatu, na alikuwa hakubali alale huku hata Krismasi. Sasa akaona anaweza kumwacha kwa bibi yake, ale ndizi, anywe maziwa, akue kwenye nafasi. Alimwacha kwa sababu ya chujio. Shika hapo, maana ndipo uchungu ulipo.

Mama yetu alilikagua chujio pande zote. Ni mzee wa kanisa, anapenda usafi mpaka unakera, na hapendi kitu kiingie jikoni kwake bila kuulizwa maswali. Aliuliza chembechembe zile zinaliwa au haziliwi. Aliuliza zikijaa uchafu huo wa floraidi unatolewaje. Elinipa alikuwa amepiga magoti anakaza bomba.

"Kwa dawa ya maabara, mama," alisema. "Hilo niachie mimi."

Mama akamwachia. Nami nilikuwepo nimeegemea mlango, na nakumbuka dada hata hakuinua kichwa.

Mwezi wa tatu tangu chujio lije, mama alianza kulalamika. Maji ya chujio yalikuwa hayana ladha, alisema, na makande yalikuwa hayaivi. Maharage yaliyozoea kuiva kabla ya saa sita yalikaa jikoni hadi saa tisa na bado yanagonga meno. Kwetu dawa ya maharage magumu inajulikana, ni magadi. Kila jiko la Kimeru lina kopo lake, mabonge ya rangi ya majivu yanayonunuliwa sokoni kwa fungu. Unavunja kipande, unatia chunguni, kinalainisha. Mama akafikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri. Badala ya kutia magadi kwenye kila chungu, akaweka bonge moja ndani ya ndoo ya juu ya chujio, ili maji yatoke yakiwa tayari kwa kazi zote, ya kupikia na ya kunywa. Bonge likiisha, anaweka jingine.

Magadi ni alkali. Hiyo dawa ya maabara, Elinipa alikuwa ameizungumzia kwa Kiingereza kwenye karatasi zake kwa miaka minne, na wakati wote huo ilikuwa imekaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, rafu ya pili, nyuma ya chumvi. Kila siku chembechembe zilijaribu kushika floraidi na kila siku magadi yalizilazimisha kuiachia. Tena magadi yenyewe ya huku yana floraidi yake. Mimi nililiona lile bonge kila asubuhi nikijaza maji kwenye ndoo ya juu. Sikujua. Mama hakujua. Aliyejua hakuwepo.

Lakini alikuwa anakuja kupima, utasema. Ndiyo, alikuja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja na vichupa vyake. Na kila Alhamisi kabla ya hapo alipiga simu kumwarifu mama. Basi kila Ijumaa mama alifagia uwanja, akapiga deki jikoni, akatandika kitambaa cha mezani, akalitoa bonge la magadi na kuliweka kwenye kopo lake. Mimi nilipewa kazi ya kupitisha ndoo nane za maji matupu ili chujio ling'ae. Niliiita siku ya ukaguzi na nilikuwa namtania mama kwamba anamwogopa binti yake. Mama alisema msomi hakaribishwi kwenye ndoo yenye matope.

Unaona ilivyokuwa. Magadi ya mwezi mzima yalikuwa yamezitapisha zile chembechembe kila zilichokuwa nacho, ndoo zangu nane zikazisuuza, na Jumamosi asubuhi Elinipa alikuta chujio jipya kabisa lenye njaa yake yote. Alipima, akapata majibu mazuri. Mwezi wa nne mazuri, mwezi wa saba mazuri, mwaka mzima mazuri. Kule maabara unga uleule ulichoka baada ya miezi mitatu kama ulivyotarajiwa, lakini nyumbani kwetu ulikuwa hauchoki. Kuna siku alimuuliza mama kama kweli tunatumia yale maji. Mama akajibu kwamba tunatumia ndoo mbili kwa siku, na ilikuwa kweli.

Dokta Lerionka alifurahi sana. Alisema lazima mto wetu una kitu kinachoisaidia ligandi ijioshe yenyewe, na wakaandika karatasi juu ya kitu hicho kabla hawajakiona. Walichota maji ya mto mara sita kukitafuta. Picha ya Elinipa ikabandikwa ukutani chuoni, mdomo umefungwa. Ufadhili ukapatikana wa kutengeneza machujio arobaini kwa ajili ya familia za Nduruma, na yakagawiwa kwa hotuba na soda.

Kwa karibu miaka minne Nice alikunywa maji ya ndoo ya chini. Alikunywa kwa kikombe chake cha bluu, na mama alikuwa anamhimiza anywe mengi kwa sababu ni maji ya mama yake.

Meno ya kudumu ya juu ya mbele yalitoka akiwa na miaka sita na nusu. Mama ndiye aliyeyaona kwanza na hakuniambia. Nilimkuta anamsugua mtoto kwa mkaa na chumvi, mtoto analia. Nilimwinua Nice kidevu nikatazama, nikayaona meno yangu. Nilishikwa na hasira nisiyojua niielekeze wapi, nikampigia simu dada siku ya Jumanne jioni. Nilimwambia aje tu.

Alikuja Jumatano asubuhi. Alimwamkia mama shikamoo, akamchukua Nice mpaka mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo na kukaa anatazama. Kisha akaingia jikoni kuchota maji ya kupima, akafunua ndoo ya juu. Bonge lilikuwamo, limeyeyuka nusu.

Alikaa kwenye kigoda. Niliona anavyolitazama na nikajua amejua, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa bado.

"Haya yamekaa humu tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Huwa nayatoa ukija."

Alipima hapohapo kwa kile kifaa chake cha mkononi. Maji ya mto yalikuwa na miligramu tisa za floraidi kwa lita, maji ya chujio kumi na tatu. Akarudia, akapata kumi na tatu. Mtoto angekunywa mtoni moja kwa moja kama sisi tulivyofanya, angepata nafuu. Elinipa aliponieleza hayo nje kwenye migomba, aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa, na mimi ndiye niliyepiga shina la mgomba ngumi.

Mtu wa Ulaya ningemsamehe. Angekuja na unga wake, hajui magadi ni nini, amekosea, amekwenda zake. Lakini dada yangu aliponda magadi kwenye jiko lile tangu ana miaka mitano. Alikula makande ya magadi siku aliyofaulu kwenda Tabora. Alibuni kitu kinachoachia kwa alkali nyepesi, akakiweka kwenye nyumba ambayo alkali nyepesi inatiwa kwenye kila chungu, na hakuona. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali, na hakunibishia. Alisema akiwa maabara alikuwa hawazi jiko, na akiwa jikoni alikuwa anawaza maabara.

Alikwenda chuoni akataka machujio ya Nduruma yarudishwe yote na ile karatasi ifutwe. Dokta Lerionka hakumkatalia, alimwambia tu kwamba taarifa imeshafika kwa wafadhili na kwamba kibandiko cha kukataza magadi kitatosha. Elinipa hakungoja vibandiko. Alichukua likizo yake akaenda Nduruma kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akafunua ndoo. Kwenye nyumba kumi na moja alikuta magadi. Wengine walikuwa wamefikiria wenyewe. Wawili walisema walielekezwa na mama mmoja mzee wa kanisa waliyekutana naye kwenye semina Usa River, aliyewaambia kwamba yeye ni mama mzazi wa mtengenezaji.

Aliwaandikia wafadhili barua yeye mwenyewe. Machujio yakarudishwa, karatasi ikafutwa, na mkataba wake ulipokwisha akaambiwa mradi hauna nafasi. Siku hizi anachanganya sabuni ya maji Daraja Mbili na kuiuza kwa lita. Ligandi namba kumi na saba bado ni nzuri, anasema, haina kosa lolote. Sijui kama anasema hivyo kujifariji au kujiumiza.

Kwa mama hakusema kitu kwa miezi mitano. Alimwambia tu asitie magadi, basi. Mama naye hakuuliza, ila kopo likaondoka kwenye rafu na hatukuliona tena, na tangu hapo makande ya nyumba hii yanaliwa magumu na hakuna anayenung'unika. Nilidhani wataishi hivyo mpaka mwisho. Lakini Jumapili moja baada ya ibada, mama akichambua maharage kwenye ungo, Elinipa alikuja akaketi mbele yake na kumweleza yote, neno kwa neno, njaa ya metali, ligandi, alkali, kumi na tatu. Alimaliza kwa kusema kosa si la mama. Alisema lilikuwa lake, kwa kuwa siku ile alipoulizwa alijibu dawa ya maabara na hakuinua kichwa.

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa vijiwe viwili akavitupa nje.

"Kosa lako si hilo," alisema. "Jiko hili ni lako, ulizaliwa humu. Ungeingia siku yoyote ukafunua ndoo, ungeyaona. Wewe ukawa unapiga simu kwanza. Anayepiga simu kwanza ni mgeni, mwanangu, na mgeni nilimsafishia."

Mimi nilitoka nje kuwapa ng'ombe majani, maana nilikuwa nalia na sikutaka mama anione.

Siku hizi dada anakuja bila kupiga simu, hata mara tatu kwa wiki. Nice anakunywa maji ya mvua, ila meno ya mbele ndiyo yameshatoka, na hayatatoka mengine mahali pake. Jambo moja limebadilika kwa Elinipa. Ameacha kuweka kiganja mdomoni. Anacheka mdomo wazi, meno yote nje, hata kwa mambo yasiyochekesha, hata ng'ombe akikohoa, na kila mara anahakikisha mtoto anamwona. Inaniuma kumtazama, kwa sababu najua hana cha kumchekesha.

Nice humtazama mama yake, naye akacheka pia, kiganja mdomoni.